Majina ya Mahali na Ramani katika Hadithi za Kisayansi

Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa Jules Verne alichapisha hadithi ya wasafiri watatu waliovuka Afrika kwa puto, wakianzia Unguja. Safari ilikuwa ya kubuni. Lakini Unguja na Kazeh, karibu na Tabora ya leo, yalikuwa majina ya kweli, yaliyokwisha kutajwa na wasafiri Burton na Speke. Msomaji aliyeyakuta majina hayo alikuwa tayari kulisadiki na puto.

Je, mwandishi anayebuni dunia nzima afanyeje? Hana budi kujifunza kwanza jinsi majina halisi yanavyozaliwa. Nyanda za Juu Kusini zatupatia mafunzo matatu.

Kwanza, jina lina maana. Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Mbeya huelezwa kuwa limetokana na neno la Kisafwa lenye maana ya chumvi.

Pili, jina huhama. Ngome ya Mtwa Mkwawa ilikuwa Kalenga, nayo iliangushwa na Wajerumani mwaka 1894. Baadaye walijenga kituo chao mahali pengine, wakakiita Iringa Mpya. Neno "Mpya" limekwisha kudondoka. Mji wabeba jina la ngome iliyobomolewa kwingine.

Tatu, mahali pamoja huweza kuwa na majina mawili. Uwanda wa Kitulo uliandikwa katika ramani za kikoloni kwa jina la Elton, konsuli Mwingereza aliyepita nchi hizo mwaka 1877. Tukuyu nayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg.

Kwa hiyo, dunia ya kubuni ambayo majina yake yote yametoka katika lugha moja na kwa siku moja haisadikiki. Haina vita, biashara wala wahamiaji.

Zoezi: Chora ramani ya sayari uliyoibuni. Kwa kila jina jiulize: nani alilitoa, kwa lugha gani, na lilifuta jina gani? Kisha fanya vivyo hivyo kwa vilima na vijito vya kijijini kwako, ukiwauliza wazee. Usikawie. Jina la kijito laweza kuwa ushahidi wa chumvi, kinamasi au vita. Afapo mtu wa mwisho aijuaye maana yake, ushahidi huo hautapatikana tena katika ramani yoyote.