Shindana na Muda Wako wa Jana

Somo: Wagalatia 6:1-5

Leo somo letu linaanzia kwenye ngazi za fleti ninapokaa.

Jengo letu halina lifti. Kutoka chini hadi ghorofa ya nane nimehesabu ngazi 144. Mwaka jana nilianza kuzikimbia alfajiri, kabla watu hawajatoka. Mara ya kwanza nilitumia dakika 1 na sekunde 52, nikafurahi sana. Halafu kijana jirani akazipanda kwa dakika moja tu, tena akicheka. Kesho yake nikataka kumfikia. Nikaruka ngazi mbili mbili tangu chini. Kufika ghorofa ya tano miguu ilikuwa mizito kama mawe, nikaketi. Nikaacha mbio hizo miezi miwili.

Ndipo Roho akanionyesha jambo ambalo sikutaka kuliona: maombi pia niliyaacha vivyo hivyo. Kwenye ushirika wetu wa Jumatano kuna mama anayeomba saa nzima bila kuchoka. Mimi dakika tano maneno yameisha. Nikaona aibu, nikawa nasema niko na kazi. Kazi gani? Hakukuwa na kazi.

Paulo anatufundisha katika mstari wa 4 kwamba kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, asijipime kwa mwenzake. Hata kule New York, kwenye mbio za kupanda jengo la Empire State zilizoanza mwaka 1978, ngazi ni 1,576 na mshindi ni mmoja tu kwa wanaume na mmoja kwa wanawake. Wengine wengi wanashindana na muda wao wenyewe.

Basi nilianza upya, na ngazi zikanifundisha mambo matatu.

1. Anza na mwendo utakaoumaliza. Ghorofa nne za kwanza napanda ngazi moja moja, pumzi ikiwa sawa. Nguvu naiweka za mwisho. Ukimaliza pumzi chini, utalipa juu.

2. Gawanya kazi. Jumanne nakimbia ghorofa tatu kwa nguvu, nashuka nikitembea ili kulinda magoti, napumzika mpaka pumzi irudi, narudia mara sita. Ijumaa napanda zote polepole.

3. Pumzika. Sikimbii siku mbili mfululizo, na muda naupima mara moja kila wiki mbili. Mwili hujengeka ukipumzika. (Kama una presha au shida ya moyo, muone daktari kwanza. Kifua kikiuma, simama.)

Baada ya wiki kumi nilifika kwa dakika 1 na sekunde 29. Yule kijana bado ananishinda, na sijali.

Jumatano nilirudi na dakika zangu tano. Tulipomaliza, yule mama alinishika mkono akaniambia, "Ndugu, wewe ndiye ulikuwa unamtaja mwanangu kila wiki. Ulipopotea, hakuna mwingine aliyemtaja ila mimi." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimehesabu dakika zangu nikaona ni chache, kumbe kuna mtu alikuwa anazisubiri. Mstari wa 2 unatuagiza kubebeana mizigo, na mimi nilikuwa nimeuweka wake chini kwa sababu ya aibu yangu.

Mpendwa, ni nini umekiacha kwa sababu mwingine anakifanya vizuri zaidi? Kuomba? Kuimba? Kutoa kidogo ulicho nacho?

Tendo la wiki: Andika leo unaomba dakika ngapi. Usimuonyeshe mtu. Wiki ijayo ongeza dakika moja tu, na ndani yake taja jina la mtu mmoja.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa kujipima na wenzetu. Tupe nguvu ya ngazi ya leo, na kesho utupe ya kesho. Katika jina la Yesu, Amina.