Damu ya Mtoto Mwenye Pumu Inasema Nini?

Mzazi akikabidhiwa majibu ya maabara, macho hukimbilia namba iliyowekewa alama ya kupanda. Kwa mtoto mwenye pumu ya mzio, mara nyingi alama hiyo huwa kwenye eosinofili au IgE.

Eosinofili ni chembe nyeupe za damu. Huhesabiwa kwenye picha kamili ya damu, na kwa kawaida hazizidi 500 katika maikrolita moja. Zikijazana kwenye njia za hewa, huchochea uvimbe unaombana mtoto kifua. IgE ni kingamwili iliyogunduliwa miaka ya 1960 na Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke waliokuwa wakifanya utafiti Marekani, sambamba na watafiti wa Sweden. Hujishikiza kwenye chembe zilizobeba histamini. Mtoto akivuta vumbi lenye utitiri au mabaki ya mende, chembe hizo humwaga histamini na njia za hewa hubana.

Lakini huku kwetu kuna minyoo. Safura na kichocho navyo hupandisha eosinofili na IgE. Mtoto wa Mwanza anayeoga ziwani akikutwa na eosinofili 900, huenda ana kichocho tu na hana pumu kabisa. Hata mabuu ya minyoo ya tumbo hupita mapafuni yanapokua, yakaleta kikohozi na kifua kulia kwa muda. Kwa hiyo usishangae daktari akiagiza choo na mkojo vipimwe pia. Muulize mwenyewe asipoagiza.

Kipo pia kipimo cha IgE ya kitu kimoja kimoja: paka, utitiri, yai, samaki. Kikipanda, maana yake mwili umekitambua kitu hicho. Si lazima kiwe kinamdhuru. Wazazi wengi hukosea hapa. Mtoto anayekula yai bila shida yoyote hunyimwa yai kwa sababu ya karatasi, akabaki na pumu yake ileile na lishe duni juu yake.

Kabla ya kutolewa damu, taja dawa alizotumia. Prednisoloni hushusha eosinofili ndani ya saa chache, na majibu yakaonekana mazuri kuliko hali halisi.

Pumu yenyewe hutambuliwa kwa historia ya mtoto, kusikiliza kifua na kupima pumzi. Namba za damu humsaidia daktari kujua ni pumu ya aina gani, na zina uzito zaidi pale pumu inapokuwa kali. Omalizumabu, sindano ya bei kubwa inayotolewa kuanzia miaka 6, hupangiwa dozi kwa IgE na uzito wa mtoto. Walio wengi hawafiki huko: wanahitaji dawa ya kuvuta yenye steroidi, itumike kama daktari alivyopanga hata siku ambazo kifua kimetulia.

Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta pumzi au midomo ikigeuka rangi, mpe dawa yake ya dharura ya kuvuta na mkimbize hospitali. Majibu ya damu yatasubiri.