Kigeuzi cha Umeme wa Mota: Ni Kipi Kinachostahili Hataza?

Kwa miaka mingi mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta za dizeli. Katika mazingira ya namna hiyo, fundi anayeelewa mota ni mtu wa maana: mashine za kukoboa mpunga, pampu za maji na karasha za wachimbaji wadogo wa dhahabu hazina faida zisipozunguka.

Na achukuliwe fundi wa kubuniwa aliyetengeneza kifaa cha kuendesha mota ya mashine ya kukoboa. Majirani wanakisifu, na yeye anakusudia kukipeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane. Je, kifaa hicho chaweza kupewa hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi peke yake, kwa muda maalumu, haki ya kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake? Jibu linaanzia ndani ya kifaa chenyewe.

Kazi ya kigeuzi

Mota nyingi za viwandani ni za aina ya induksheni, nazo huhitaji umeme wa njia tatu. Zikiunganishwa na laini ya njia moja tu, hunguruma bila kuanza kuzunguka. Kigeuzi huondoa tatizo hilo kwa hatua mbili. Kwanza, dayodi hugeuza mkondo geu wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu, unaohifadhiwa katika kapasita kwa volti zipatazo 325. Pili, transista sita, zikifunguka na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, huukatakata mkondo huo na kuunda njia tatu mpya. Kwa kuwa volti baina ya njia hizo hazizidi 230 hivi, mota yenye kibao cha volti 230/400 huunganishwa kwa mtindo wa pembetatu, si wa nyota.

Kigeuzi hutawala pia mwendo. Kasi ya uga wa sumaku ndani ya mota, kwa mizunguko kwa dakika, ni 120 mara hezi, kugawanywa kwa idadi ya ncha za sumaku. Kwa mota ya ncha nne, hezi 50 huleta mizunguko 1,500. Hezi 25 huleta 750. Rota yenyewe huzunguka polepole kidogo kuliko uga huo. Hezi zinapopunguzwa, volti nazo hupunguzwa kwa uwiano uleule, la sivyo chuma cha mota hushiba usumaku na mota huchemka. Kwa kuanza na hezi chache na kupanda taratibu, mota haivuti ule mkondo mkubwa wa kuanzia unaofifisha taa za majirani.

Masharti matatu

Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 inadai mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Nadharia za sayansi, ugunduzi wa mambo ya asili na kanuni za hisabati haziingii. Hivyo basi, hakuna awezaye kumiliki ile kanuni ya kasi iliyotajwa hapo juu.

Sharti la upya halipimwi kwa Katavi peke yake. Jambo lililokwisha kuchapishwa popote duniani si jipya, hata kama halijapata kuonekana Mpanda. Vigeuzi vya aina iliyoelezwa vimeuzwa kwa wingi tangu kampuni ya Danfoss ya Denmark ilipoanza kuvitengeneza kiwandani mwaka 1968. Dayodi, kapasita na transista sita, kwa mpangilio wa kawaida, haviwezi kupewa hataza leo.

Hata hivyo, vitu vya zamani vyaweza kuzaa jambo jipya. Mwaka 1977 Frank Nola, mhandisi wa shirika la anga la Marekani, NASA, alipewa hataza ya kifaa cha kupunguza upotevu wa umeme katika mota. Mota na swichi za elektroniki zilikuwako tayari. Kipya kilikuwa kupima jinsi mkondo unavyochelewa nyuma ya volti, kutambua kwa njia hiyo kwamba mzigo ni mwepesi, na kupunguza volti papo hapo. Hiyo ndiyo hatua ya uvumbuzi: jambo ambalo fundi wa kawaida, mwenye vitu vilevile mezani, asingelifikia kwa urahisi.

Madai ya fundi

Ichukuliwe kwamba kifaa cha fundi wa Mpanda, kinapohisi volti za laini zimeshuka, hupunguza kasi ya mota na wakati huohuo hubana mlango wa mpunga, ili mashine isikwame. Akiandika kwamba anadai "kifaa cha kugeuza umeme ili kuendesha mota", ombi litaanguka, kwa kuwa anadai mali ya watu wote. Akidai kifaa kilichomo katika sanduku la mninga lenye skrubu nane, mshindani atatumia sanduku la bati na kumkwepa. Dai lifaalo hutaja uhusiano wenyewe: kipimo cha volti kinachotawala kwa pamoja kasi ya mota na mlango wa mpunga. Baada ya hapo hutafutwa katika hataza za zamani kama uhusiano huo umekwisha kuelezwa.

Kutangulia kuomba

Galileo Ferraris wa Torino, Italia, alitengeneza mota ya uga unaozunguka mwaka 1885, akachapisha maelezo yake Machi 1888 bila kuomba hataza. Nikola Tesla alikuwa ameomba hataza Marekani Oktoba 1887, akapewa Mei 1888. Sayansi huwakumbuka wote wawili. Haki ya biashara ilikwenda kwa aliyeomba.

Kwa hiyo fundi apeleke ombi lake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kabla ya kusimama Nane Nane. Baadhi ya nchi huvumilia kwa muda mfupi uvumbuzi ulioonyeshwa mapema. Nyingine hazivumilii kabisa. Akumbuke pia kwamba hataza haivuki mipaka: Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008, na kwa nchi kadhaa za Afrika ombi moja laweza kupitia shirika la ARIPO lililoko Harare.

Na ikibainika kwamba wazo lake si jipya, bado hajapoteza kila kitu. Hataza iliyokwisha muda wake, au ambayo haikuandikishwa nchini, yaweza kusomwa na kutumiwa hapa bila malipo. Hati hizo ni maktaba kubwa ya ufundi, iliyo wazi kwa shule yoyote.

Maswali

1. Mota ya ncha sita inapewa hezi 40. Tafuta kasi ya uga wake.
2. Mota inapewa volti 230 kwa hezi 50. Ipewe volti ngapi kwa hezi 30?
3. Andika dai moja pana mno na moja finyu mno kuhusu pampu ya maji, kisha eleza kasoro ya kila moja.