VAZI LILIRUDI, LUGHA IKACHELEWA: SOMO KUTOKA USKOTI

Naanza kwa swali. Ukishuka matatu pale Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi? Mimi nilidhani ni jina la mzee fulani wa kale. Kumbe sivyo! Mwaka 1898 wamishenari wa Kiskoti walihamia sehemu hiyo kutoka Kibwezi wakajenga misheni. Wenyeji walipojaribu kulitamka jina la wageni hao, yaani "Scot", ulimi ukaligeuza likawa Thogoto. Basi kumbe tuna kipande cha Uskoti hapa kwetu, na wengi wetu hatujui hata Waskoti ni akina nani. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

1. Waskoti ni akina nani?

Wengi husema, "Aa, Mskoti si ni Mwingereza tu!" Kosa hili lina chanzo chake. Kwa Kiswahili neno Uingereza linabeba mizigo miwili. Linataja nchi ya England peke yake, na pia linataja ufalme mzima wenye England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Lakini kumwita Mskoti "Mwingereza" ni kama kumwita Mzanzibari mtu wa bara. Atakusahihisha papo hapo.

Uskoti iko kaskazini mwa kisiwa cha Britania. Watu wake ni kama milioni 5.5. Mji mkuu ni Edinburgh, na mji mkubwa kuliko yote ni Glasgow. Zamani ilikuwa ufalme unaojitawala. Mwaka 1603 mfalme wao, James wa Sita, alirithi pia kiti cha England, na mwaka 1707 mabunge ya nchi hizi mbili yaliunganishwa yakawa moja.

Hata hivyo, Waskoti hawakutoa kila kitu. Walibaki na sheria na mahakama zao, shule zao, na kanisa lao la Kipresbiteri. Kanisa hilo halina maaskofu, bali huongozwa na wachungaji pamoja na wazee wa kanisa. Wenzetu wa PCEA wanaujua utaratibu huu vizuri kwa sababu ulitoka huko huko. Aidha, baadhi ya benki za Uskoti huchapisha noti zao zenyewe. Na kwa wapenzi wa kandanda, mechi ya kwanza ya kimataifa ilikuwa kati ya Uskoti na England, mjini Glasgow, tarehe 30 Novemba 1872. Matokeo? Sare, 0-0!

2. Vazi lililopigwa marufuku

Ukitaja Uskoti, watu hukumbuka mambo mawili: zumari yenye mfuko wa ngozi, na kilti, lile vazi la wanaume mfano wa sketi ya marinda lililoshonwa kwa sufu ya mirabamiraba. Vazi hili halikuwa la Waskoti wote. Lilikuwa la watu wa Nyanda za Juu, ambao waliishi milimani na visiwani kwa koo na kusema lugha iitwayo Gaelic. Watu wa Nyanda za Chini walisema lugha ya Scots, na wengi waliwadharau ndugu zao wa milimani.

Mwaka 1745 koo nyingi za Nyanda za Juu zilimuunga mkono Charles Edward Stuart, aliyetaka kuirudishia jamaa yake kiti cha ufalme. Tarehe 16 Aprili 1746 walishindwa vibaya katika uwanja wa Culloden. Vita vyenyewe havikumaliza hata saa moja. Serikali ikaamua kuwakomesha kabisa. Ikatoa sheria kwamba mwanamume au mvulana atakayevaa vazi hilo afungwe miezi sita. Akirudia, apelekwe ng'ambo miaka saba. Lo! Miaka saba kwa sababu ya nguo! Walioruhusiwa ni wale tu waliokuwa wanajeshi wa mfalme.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Kisha mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh. Mwandishi mashuhuri Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, akawahimiza waungwana wavae mirabamiraba. Mfalme mwenyewe akavaa kilti. Tangu hapo vazi la watu waliodharauliwa likawa vazi la taifa zima. Leo utaliona harusini, katika mahafali na uwanjani.

Lakini hebu tazama kinaya hiki. Wakati huo huo waungwana walipokuwa wakijipamba mjini, wenye vazi lao walikuwa wakifukuzwa mashambani ili wenye ardhi wafuge kondoo. Wengi walipanda meli wakaenda Kanada. Vazi lilipendwa, mvaaji akasukumwa.

3. Lugha haishonwi

Je, lugha ya watu hawa ilikuwaje? Gaelic si lahaja ya Kiingereza. Ni dada wa lugha ya Ireland. Mwaka 1872, ule ule wa mechi niliyoitaja, ilitolewa sheria ya kuwalazimu watoto wa Uskoti kwenda shule. Jambo jema, sivyo? Lakini sheria hiyo haikuitaja Gaelic hata mara moja. Katika baadhi ya shule mtoto aliyesema Gaelic alivikwa kijiti shingoni, naye akakipitisha kwa mwenzake atakayenaswa. Wazazi nao waliona kwamba kazi iko katika Kiingereza, wakaacha kusema Gaelic na watoto wao.

Matokeo ni haya. Mwaka 1891 wasemaji walikuwa kama 254,000. Mwaka 1991 walikuwa kama 66,000. Kwa miaka mia moja, katika kila wasemaji wanne walibaki kama mmoja tu.

Waskoti hawakukaa kitako. Tangu 1892 wana tamasha la nyimbo na mashairi ya Gaelic liitwalo Mòd, mfano wa tamasha letu la muziki. Mwaka 1985 walianzisha madarasa yanayofundisha kwa Gaelic. Mwaka 1999 walipata tena bunge lao, na mwaka 2025 bunge hilo likapitisha sheria ya kuzipa Gaelic na Scots hadhi rasmi. Sensa ya 2022 ilipata wasemaji wa Gaelic kama 69,700. Idadi imepanda kidogo, lakini visiwani, ambako ndiko nyumbani kwake, inazidi kushuka. Yaani fundi anaweza kukushonea kilti kwa siku chache, lakini lugha humchukua mtoto miaka mingi, tena apate mtu wa kusema naye.

Isitoshe, utaifa wao haujaisha kujadiliwa. Tarehe 18 Septemba 2014 walipiga kura kuamua kama watajitenga. Asilimia 55 walikataa, 45 wakakubali. Vijana wa miaka 16, umri wangu huu, waliruhusiwa kupiga kura!

4. Na sisi je?

Niliposoma habari za kile kijiti nilishtuka, kwa kuwa nilikivaa. Katika shule ya msingi niliyosoma tulikiita monto. Kilikuwa kibao kidogo chenye kamba. Siku moja nilimwambia jirani yangu, "Niazime kalamu," nikavikwa. Sikulia. Kilichonisumbua ni kilichofuata. Mpaka saa ya chakula nilizunguka nikitega masikio ili nimpate wa kumvika. Nikampata mvulana mgeni ambaye Kiingereza kilimpiga chenga, akiuliza maji yako wapi. Badala ya kumwonyesha maji, nilimvika monto. Hatukuwa marafiki tena.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Tukijue, tena barabara. Lakini Waskoti wanatufunza kwamba lugha haiuawi na sheria peke yake. Huuawa na aibu anayotiwa mtoto. Katiba yetu ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na wasemaji tunao tele. Gaelic imepata sheria wakati wasemaji wamekwisha kupungua. Walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima twaomba: kokote monto iliko, izikwe.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nami natia nanga hapa.

Maswali ya kujipima

(a) Eleza kwa nini neno "Uingereza" huwakanganya wasemaji wa Kiswahili.
(b) Taja mambo matatu ambayo Waskoti walibaki nayo baada ya 1707.
(c) "Vazi lilipendwa, mvaaji akasukumwa." Fafanua.
(d) Wewe uliwahi kumvika mwenzako monto? Ulijisikiaje?

Kiswahili kitukuzwe!