Sindano ya Picha na Damu ya Mafigo

Mgonjwa akipelekwa hospitali kubwa kupigwa picha ya tumbo au kifua kwa mashine ya CT, mara nyingi huchomwa sindano kwanza. Watu huiita sindano ya rangi. Wengine huikimbia, ati inaua mafigo! Je, ni kweli? Tulitazame jambo hili polepole.

Hiyo "rangi" si ya kuchovya nguo. Ni dawa ya maji yenye aidini, yaani madini joto, kama yale yanayotiwa katika chumvi ili tusiote rovu. Miale ya eksirei hupenya nyama na damu, lakini aidini huizuia. Ndiyo maana mishipa yenye dawa hiyo huonekana myeupe kwenye picha. Mwaka 1923 madaktari wa Marekani, waliokuwa wakitibu kaswende kwa dawa yenye aidini, waliandika kwamba picha za wagonjwa zilionyesha kibofu cha mkojo. Dawa ilikuwa inatoka kwa mkojo. Basi ilikuwa imepita mafigoni.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Karibu lita 1 huenda mafigoni kuchujwa. Ni damu nyingi, lakini haigawanywi sawasawa. Sehemu ya nje ya figo hupata nyingi. Sehemu ya ndani hupata kidogo, nayo ina kazi kubwa. Ni kama mfereji wa mashamba. Wa juu humwagilia mpaka wakatosheka, wa mwisho hungojea kilichobaki. Maji yakipungua, nani huumia kwanza?

Sasa dawa inaingia. Mishipa ya figo hupanuka kidogo kwa muda mfupi, halafu hujibana kwa muda mrefu zaidi. Damu inapungua. Tena dawa yenyewe ni nzito, na figo linaponyonya maji kutoka katika mkojo, huzidi kuwa nzito humo ndani. Sehemu ya ndani hukosa oksijeni.

Mwenye mafigo mazima hustahimili. Dawa karibu yote hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Dawa za zamani zilikuwa kali zaidi, na madaktari wengi wa leo wanaona hatari yake ilikuzwa mno. Sisi tunaona kukataa picha ya kutafuta damu iliyoganda mapafuni, kwa kuogopa rangi tu, ni hatari zaidi.

Lakini tuchukue mfano wa mzee mmoja. Mafigo yake yamechoka sana kwa presha. Ameharisha siku 2. Magoti yanamuuma, kwa hiyo anameza diklofenaki za dukani, ambazo nazo hubana mishipa ya figo. Amepanda basi tangu alfajiri bila kunywa maji, asije akataka kushuka njiani. Mfereji wa mzee huyu umekauka hata kabla ya sindano!

Amweleze daktari yote hayo, hata vidonge vya dukani. Aulize kama damu yake imepimwa kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo linavyofanya kazi. Huenda akatundikiwa dripu ya maji ya chumvi kabla na baada ya picha. Mwenye moyo dhaifu asijinywee maji mengi bila kuuliza. Mwenye kisukari anayemeza metformini naye aulize kama aisimamishe kwa siku 2. Asiache kwa akili yake.

Figo likiumia, mara nyingi mtu hasikii maumivu. Kreatinini hupanda katika siku 2 au 3, kisha kwa wengi hushuka baada ya wiki 1 au 2. Basi mzee wetu asikimbilie basi la kurudi kabla ya kuuliza ni siku gani apimwe tena. Na akiona nyumbani mkojo umepungua sana au miguu inavimba, aende zahanati siku hiyo hiyo, na aseme kwamba alichomwa sindano ya picha.