MAANA YA HAYA NA MATUMIZI YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ifahamike ya kuwa neno haya limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni moja na asili ya neno hayati, yaani uhai. Kwa sababu hiyo Ibnul Qayyim amebainisha ya kuwa moyo ulio hai huwa na haya nyingi, na moyo uliokufa hauna haya. Naye Mtume (s.a.w.) amefundisha ya kuwa haya ni tawi la imani.

Watu wengi hudhani ya kuwa haya ni kuinamisha macho na kusema polepole. Hiyo ni adabu njema, lakini siyo haya yenyewe. Kuogopa macho ya watu ni soni tu. Haya ni kujizuia na ubaya kwa kujua ya kuwa Mwenyezi Mungu anaona.

Mfano wake uko machimboni. Huko Mwadui, katika nchi ya Shinyanga, Williamson alivumbua almasi mwaka 1940. Almasi ni kitu cha kufichika katika pindo la nguo. Basi mtu aachaye kuiba kwa ajili ya mlinzi, siku mlinzi akilala ataiba. Mwenye haya ndiye mlinzi wa nafsi yake.

Na katika maduara ya dhahabu ya Geita, kama Nyarugusu na Rwamagasa, haya hupimwa mara tatu.

Kwanza, gizani chini ya ardhi, mtu asifiche jiwe la wenziwe.

Pili, penye mizani. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, dhahabu ya machimbo ikitimia nisabu, nayo ni dinari 20, kadiri ya gramu 85, hutolewa zaka moja katika arobaini, wala haingojwi kupita mwaka. Zaka ya gramu 85 ni gramu 2 na ziada kidogo. Hakuna atakayeidai ila Mola.

Tatu, penye mgao. Kijana huona soni kumwuliza mwenye duara fungu lake kabla ya kushuka, na baadaye huzuka ugomvi. Kunyamaza huko siyo haya. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao.

Basi haya humfunga mtu mkono katika haramu, wala haimfungi ulimi katika haki.

Wallahu aalam.