Utambuzi wa Leso kwa Tarakilishi: Nafasi ya Msomi wa Kiswahili

Utangulizi

Leso, au kanga kama inavyoitwa kwingineko, ni vazi na pia ni matini. Ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani kauli iliyopigwa chapa chini ya mji. Wapo wanaozikusanya na kuzihifadhi, wakiwemo watu binafsi na makavazi kama vile British Museum ya London. Siku hizi mkusanyaji aweza kuipiga leso picha kwa rununu, na programu ya utambuzi wa picha ikampa maelezo yake. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba programu hiyo ni msaidizi mwema wa kuorodhesha leso, ila haifai kuachiwa peke yake kazi ya kuisoma.

Utendakazi wa programu

Kwa tarakilishi, picha ni mkusanyiko wa nukta, na kila nukta huwakilishwa kwa nambari zinazobainisha rangi yake. Programu hufunzwa kwa picha nyingi ambazo binadamu amekwisha kuzipa majina. Inapoletewa picha mpya, huilinganisha na ruwaza ilizojifunza, kisha hutoa jibu linaloelekea zaidi kuwa sahihi. Jibu hilo ni kadirio, si ushahidi. Hata hivyo, programu iliyofunzwa vyema yaweza kuitambua leso ya kisutu kwa wekundu, weupe na weusi wake, au kuzipanga pamoja leso zote zenye umbo la korosho.

Matatizo

Kwanza, mji mmoja waweza kupigwa chapa kwa majina tofauti. Programu inayozingatia umbo pekee itazihesabu leso mbili kuwa moja.

Pili, si kila andiko ni jina. Leso nyingi za Mombasa zina maneno "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya mfanyabiashara. Asiyejua ataiingiza orodhani kama msemo.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni muundo wa lugha yenyewe. Tuchukue methali "Hasidi hana sababu". Mkunjo wa kitambaa ukiificha herufi moja tu, programu itasoma "Hasidi ana sababu". Sarufi ni sahihi na tahajia haina kosa, kwa hivyo mashine haitashtuka. Ilhali maana imepinduka: hasidi aliyesutwa sasa ametetewa.

Mapendekezo

Leso itandazwe na kunyooshwa, ipigwe picha nzima kwa mwanga wa mchana, kisha jina lipigwe picha yake peke yake. Programu ipendekeze kundi la mji na pindo. Jina lisomwe na mjuzi wa lugha na kunakiliwa kwa tahajia iliyomo kitambaani, hata kama si sanifu. Aidha, mwenye leso aulizwe aliipata wapi, mwaka gani, na nani alimpa nani. Mafumbo ya leso hukamilika kwa muktadha, na muktadha haumo pichani.

Hitimisho

Orodha yenye kosa huishi muda mrefu kuliko aliyeiandika, na programu za kesho zitafunzwa kwayo. Mwanafunzi wa Kiswahili asiiachie mashine urithi huu, wala asiikimbie mashine. Aketi kando yake, asome jina.